Safari ya Kwenda Kuwasha Taa Siamu

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Bama na vitu vitatu: koti zito la jeshi, kikohozi, na karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo hakuna mtu Moshi nzima aliyeweza kuisoma. Kaka yangu hakurudi. Waliondoka siku moja, kwa lori moja, pale Kiboriloni, na mama yangu aliwafungia wote wawili ndizi za kuchoma ndani ya jani moja. Mama alikuwa mjane, na kaka ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee. Kwa hiyo mume wangu aliporudi, mama alikuja akasimama mlangoni kwetu, akawa anatazama nyuma ya mgongo wa mume wangu, kama vile yule mwingine anakuja taratibu kwa sababu ya mizigo.

"Mama, mto ulimchukua," mume wangu alimwambia.

"Ulimwona?"

"Niliona mkono."

"Mkono si mtu," mama akasema, akarudi kwake.

Toka siku hiyo hakukubali isomwe misa ya marehemu. Padri alipanda mpaka kwake mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kijana yuko safarini. Miche ya kahawa aliyoipanda kaka kabla ya kwenda vitani mama aliipalilia mwenyewe, na ilipozaa hakuruhusu mtu aichume. Matunda yalianguka chini yakaoza. Nilimgombeza kwa hilo. Kahawa ni kahawa. Yeye aliniambia nikaangalie ya kwangu.

Mimi sikusoma sana. Nilikwenda misheni miaka miwili, nikajua kuandika na kusali, kisha nikahitajika nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Kwa hiyo mambo ya Siamu nayaeleza kama nilivyoelezwa na mume wangu, na yeye alielezwa na mtu mwingine, na kama yamepotoka njiani siwezi kujua.

Baada ya ule mto mume wangu aliugua homa, akapelekwa hospitali ya askari huko Bara Hindi. Jikoni mle alikuwamo mtu mmoja wa Siamu, nchi inayopakana na Bama, mfupi, aliyekuwa anaosha masufuria. Walizungumza kwa Kihindi kibovu, kila mmoja na kibovu chake. Huyo Msiamu alimwambia kwamba kwao kuna sikukuu moja kila mwaka, mvua zikiisha na mwezi ukiwa mpevu. Watu wanashuka mtoni na taa. Taa inakaa juu ya kipande cha shina la mgomba, kimekatwa duara kama mkate, kikapambwa kwa majani ya mgomba yaliyokunjwa na maua. Wanaomba radhi kwa maji, kwa yote waliyoyachafua, na kwa yote ambayo maji yameyachukua. Wanaiachia taa inakwenda. Alimtengenezea moja palepale, akaiweka kwenye karai la kuoshea vyombo, na mume wangu, aliyekuwa hajasema neno juu ya ule mto kwa wiki tatu, akausema. Siku ya kuagana yule mtu akamwandikia kwenye karatasi jina la mji wake na la mto, kwa maandishi ya kwao.

Alinieleza haya tukiwa shambani tunachuma kahawa. Nikamwambia, "Mgomba mimi najua unalisha watu na ng'ombe. Wa kuomba radhi sijausikia."

"Na wao labda hawajasikia wa kupika pombe ya mbege," akasema.

Nilicheka. Sikujua kwamba anamaanisha kwenda.

Alikuwa anamaanisha. Kila alipolala aliuona ule mkono. Walikuwa wanavuka kwa chelezo cha mianzi, kamba ikakatika, kaka akaingia majini na mzigo mgongoni. Mume wangu aliushika mkono wake. Kisha akauachia. Aliniambia "akauachia" kama vile anamsema mtu mwingine. Alisema angeushikilia wangekwenda wote wawili, na mimi nikamwambia hiyo ni kweli, na haikumsaidia kitu. Alitaka kwenda mahali ambapo maji yanaombwa radhi na watu wanaojua yanavyoombwa. Kwetu hakujua mtu wa kumwuliza. Padri angempa rozari. Wazee wangetaka kaburi, na kaburi halikuwapo.

Basi akaipanga safari. Aliipanga karibu miaka miwili. Ramani aliichora kwa mkaa ukutani, upande wa ndani, pale ninapotundika vyungu: Moshi, Voi, Mombasa, kisha bahari, kisha Bombei, kisha treni ndefu, kisha Bama, kisha milima, kisha duara moja lililokuwa ndilo Siamu. Kila nikitoa chungu nilikuwa naona bahari. Alipata sanduku la bati, akalipaka rangi. Mimi nikaanika ndizi mbichi, nikazitwanga unga wa uji, kwa sababu alisema chakula cha meli kilikuwa kinamtapisha. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikumzuia. Sikupenda, lakini unga niliutwanga.

Siku aliyokwenda mjini kuuliza habari za meli tulikwenda wote. Kulikuwa na Mhindi mmoja wa duka la vitambaa aliyekuwa mtu wa maneno mazuri. Aliishika ile karatasi, akaigeuza juu chini, akasema si Kigujarati, si Kihindi, si Kiarabu, hajui. Kisha akauliza, "Unataka kufika lini?"

"Mvua zikiisha," mume wangu akasema. "Mwezi wa sita."

"Kwa nini mwezi wa sita?"

"Masika si yanakwisha?"

Yule Mhindi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Bwana, masika ni ya kwako hapa mlimani. Huko mwezi wa sita ndiyo mvua inaanza. Inaisha mwezi wa kumi, wa kumi na moja. Ungefika ungekuta watu wamekaa ndani, wewe peke yako mtoni na taa yako, wanakutazama dirishani."

Mume wangu hakucheka. Alikuwa ameshafunga uzi wenye mafundo, fundo moja kila mwezi mpevu, mpaka masika yaishe. Alisimama pale dukani akiongeza mafundo matano. Yule Mhindi akamwonea huruma, akasema hata wao wana sikukuu ya taa, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na akija dukani siku hiyo ataziona bure na atakula peremende. Mume wangu akamshukuru. Akasema hizo ni za furaha, yeye anatafuta zile nyingine.

Bomani karani alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, amevaa kanzu safi. Alimwuliza anataka cheti cha kwenda wapi. Akasema Siamu.

"Hiyo iko upande wa Tarakea?"

"Iko mbele ya Bama."

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kuwasha taa."

Karani aliweka kalamu sikioni. "Mzee wangu, taa Moshi zimeisha?" Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alisema Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, hawezi hata kuisoma habari hiyo bila barua ya Mangi, chifu wetu, kwamba huyu ni mtu wake, ana tabia njema, na hana kesi. Barua ikija, yeye karani mwenyewe ataandika maombi, na atatafuta Siamu kwenye ramani ya ofisi.

Karani wa Mangi akasema barua itakuwa tayari Jumatatu ya pili. Tabia njema alikuwa nayo. Kesi hakuwa nayo. Basi tulikuwa tunangojea Jumatatu ya pili.

Sasa nieleze habari ya nywele.

Yule Msiamu alimwambia kwamba kwenye ile taa watu wanatia na nywele zao kidogo, na kucha walizokata, ili mabaya yao yaondoke nazo. Mume wangu akalifikiria jambo hilo kwa akili yake. Alisema yeye atatia kucha zake, za mkono ule ulioachia. Lakini nywele alitaka ziwe za mama. Alisema mwili wa kaka hautakuja kwa mama, basi kitu cha mwili wa mama kimfuate yeye.

"Mwombe mwenyewe," nikamwambia.

"Nikimwomba atasema mtoto yuko safarini."

Ni kweli angesema hivyo. Mama nilikuwa namnyoa mimi, kwa wembe, kila nywele zikirefuka, nyuma ya nyumba yake. Nywele zikianguka nilikuwa nazikusanya zote, unywele kwa unywele, nazizika chini ya mgomba, kama anavyofanya kila mtu mwenye akili. Kwetu nywele za mtu hazitupwi. Adui akizipata amempata mwenyewe. Hilo nililinyonya na maziwa, na misheni haikulitoa.

Siku hiyo nilimnyoa, nikazika zote isipokuwa kishungi kimoja cheupe nilichokifunga kwenye pembe ya kanga yangu. Mama alikaa ameinamisha kichwa. Akauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Nimeishi miaka mingi na nimesema uongo mara chache. Ule nakumbuka hata kivuli kilikuwa upande gani.

Mume wangu hakutaka kufika Siamu akaaibika kwa taa inayozama. Jumamosi kabla ya ile Jumatatu, jua likiwa bado juu ya migomba, alikata duara la shina, akakunja majani vizuri, akachomeka kipande cha mshumaa wa kanisani. Akatia kucha. Akatia nywele, ili ajue uzito wake kamili. Akaifunga kwa kamba ya mgomba, mwisho mwingine akaushika mkononi, akaiweka kwenye mfongo wetu.

Kwa asiyejua, mfongo ni mtaro wa maji uliochimbwa na wazee wa zamani, unatoka juu msituni, unapita shamba kwa shamba, na kila nyumba ina zamu yake. Kinachowekwa na wa juu kinamfikia wa chini. Ndiyo sababu hatufui ndani yake, hatunawi damu, na mtoto akikojoa humo anachapwa.

Taa ilikaa vizuri. Haikuinama. Nilitoka na ndoo nikamkuta amechuchumaa anaitazama, na uso wake ulikuwa kama kabla ya vita. Nilisimama. Sikutaka kumharibia. Na huko juu mtu mmoja akafungua maji ya zamu yake mapema, wimbi likashuka ghafla, kamba ikamponyoka. Aliruka akaukimbilia mtaro, lakini mwenye kikohozi kile hakimbii mbali. Iliingia chini ya ua wa jirani ikapotea.

Alirudi akakaa chini. Akasema, "Nimeachia tena."

Jirani yetu wa chini alikuwa na mtoto mgonjwa wa surua. Asubuhi alikwenda kufungua maji akaikuta imenasa kwenye matope ya lango lake: mgomba, mshumaa uliozimika, kucha za mtu, na nywele nyeupe. Nani angemlaumu? Na mimi ningepiga kelele. Alipiga kelele mpaka watu waliokuwa wanatoka misa ya kwanza wakamsikia njiani.

Jioni ileile wazee wa mfongo walikaa. Sisi wanawake tulikaa pembeni, chini, na mama yangu alikuwa watu wawili tu kutoka kwangu, kanga juu ya kichwa kilichonyolewa. Kile kitu kilikuwa kimewekwa katikati, juu ya jani, hakuna aliyetaka kukigusa.

"Hii ni ya nani?" akauliza mzee mkuu wa mfongo.

"Ni yangu, meku," mume wangu akasema. Meku ndivyo tunavyomwita mzee wa kuheshimiwa.

"Ni nini?"

"Ni taa. Ya kuomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwa maji."

Watu wakanong'ona. Jirani akasema, "Maji yana surua? Mwanangu ndiye ana surua. Radhi uombe maji, ugonjwa aupate mwanangu?"

Mume wangu alijaribu kuwaeleza. Bama, hospitali, Msiamu, karai. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana amekwenda mbali kujifunza uchawi ambao wa hapa hawaujui. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kabisa kama hao watu wa huko wanatia kucha na nywele, basi mabaya yao yanakwenda kwa nani. Mume wangu akasema yanakwenda baharini. Yule mzee akasema, "Sisi hapa bahari yetu ni jirani wa chini."

Mume wangu akaitazama ile taa juu ya jani.

Kisha mzee mkuu akauliza, "Nywele hizi za nani?"

Hapo ndipo jambo lote lilipolala. Kama ningesimama nikasema, ni za mama yangu, nilizikata mimi, ni kwa ajili ya kaka yangu aliyekufa maji, wangeelewa. Nywele za mama kwa mtoto wake, hakuna mzee ambaye asingeelewa. Angetozwa mbuzi kwa kuchafua mfongo, yangekwisha. Mume wangu alinitazama mara moja. Mimi nilimwangalia mama, nikaona shingo yake, mahali nilipompitishia wembe siku nne nyuma. Nilifikiri: nikisema, mama atajua nimemwibia mwili wake, na atajua nakubali kwamba mtoto wake amekufa. Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Nilizikuta tu," mume wangu akasema.

"Ulizikuta wapi?"

"Nilizikuta."

Basi. Mtu ambaye hataki kusema nywele amezitoa wapi, huyo ameshasema.

Walimnyima zamu ya maji mpaka mvua nyingine. Mbuzi alitoa, na mbege alitoa. Jumatatu alikwenda kwa Mangi hivyohivyo, amevaa koti lake la jeshi, na karani akamwambia kutoka mlangoni kwamba mtu mwenye shauri la uchawi haandikiwi tabia njema. Akarudi. Hakugombana na mtu. Aliosha ule ukuta wa jikoni kwa maji na majivu, lakini mkaa hautoki wote, na duara la Siamu lilibaki linaonekana nyuma ya vyungu. Unga wa ndizi tuliunywa uji kiangazi chote. Yule mtoto wa jirani alipona, lakini hiyo haikubadilisha kitu; walisema amepona kwa sababu kile kitu kilikamatwa mapema.

Kwa jirani alipeleka jani la isale. Hilo ni jani letu la kuombea msamaha, na mtu akiletewa isale hawezi kukataa. Jirani alilipokea, akalichomeka kwenye paa, akaendelea kuwakataza watoto wake wasipite kwetu.

Niliendelea kwenda kwa mama kumnyoa. Ilipita miaka kama mitano. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga, na siku moja, nikiwa nimefika katikati ya kichwa, mkono wangu ukasimama wenyewe.

"Mama," nikasema, "zile nywele za kwenye mfongo zilikuwa zako. Mimi ndiye niliyempa."

"Endelea kunyoa," akasema. "Nasikia baridi upande mmoja."

Nikaendelea. Akasema, "Nilizijua pale zilipowekwa. Nywele zangu nisizijue?"

"Mbona hukusema? Ungesema ni zako wangemwachia."

"Wangemwachia, akapata barua, akaenda."

Nilipangusa wembe kwenye kanga.

"Yule ndiye mtu wa mwisho aliyemshika mwanangu," mama akasema. "Akienda na yeye, mimi nabaki na nani wa kumtazama mkono? Na taa inawashiwa mfu. Mimi sina mfu." Akajipangusa shingo. "Wewe ulinyamaza ukafikiri unanifichia. Na mimi nikanyamaza. Yeye peke yake ndiye hakuwa amefanya kitu. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Zote?"

"Zote, mama."

Nilizikusanya zote mbele yake, hata zile zilizoanguka kwenye mkunjo wa nguo, nikamshikisha mkononi azipapase, kisha nikazizika chini ya mgomba. Nikaenda nyumbani. Mume wangu alikuwa ameinama anazibua mfongo kwa jembe, anakohoa, maji yanampita miguuni. Alikuwa na tabia ya kuyatazama kwanza kabla hajayavuka.

"Mama mkwe hajambo?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa ni maneno ya kumweka huru, au ya kumwonyesha kwamba mke wake na mkwe wake walimkalia safari yake, kila mmoja upande wake, kama watu waliokaa juu ya sanduku. Sikujua ni yapi kati ya hayo mawili. Mpaka anakufa sikujua.

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimu."

Akasema vema, akarudi kwenye jembe lake.